Halmashauri Ikilitaka Shamba Lako

Ukiwakuta wapima wamesimika darubini yao katikati ya mihogo yako, jua kuna kikao kilichotangulia. Pengine mchoro umeshaanza kuchorwa, na pengine lipo faili lenye muhtasari unaosema wananchi wameridhia. Wewe ndiye wa mwisho kupata habari, ingawa shamba ni lako.

Mwongozo huu ni wa mkulima wa Tanzania mwenye ekari moja, mbili au tano pembezoni mwa mji: Chanika, Nala, Usa River, Buhongwa na kwingineko ambako mji unasogea kila mwaka na afisa ardhi ameanza kuliita shamba lako "eneo la mradi". Shamba dogo hupotea kwenye karatasi kabla halijapotea ardhini. Ulinzi wake nao uko kwenye karatasi, na unafaa uanze mapema.

Jua kwanza wanachokitaka

Watu husema "halmashauri inachukua mashamba" kana kwamba ni jambo moja. Ni mambo manne, na kila moja lina sheria yake.

La kwanza ni kutwaa. Serikali inalitaka eneo kwa manufaa ya umma: shule, soko, stendi, dampo, bomba la maji. Hapa inatumika Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 pamoja na sheria mbili za ardhi za mwaka 1999, Na. 4 ya ardhi kwa jumla na Na. 5 ya ardhi ya vijiji. Unastahili fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati.

La pili ni kupanga na kupima. Eneo limetangazwa kuwa la mipango miji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na mashamba yanakatwa viwanja. Hapa mara nyingi husikii neno fidia. Utaambiwa "upangaji shirikishi" au "urasimishaji": unatoa shamba, unarudishiwa viwanja.

La tatu ni hifadhi. Unaambiwa uko ndani ya hifadhi ya barabara au ya maji. Kwenye barabara kuu na za mkoa hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilikuwa mita 22.5, ndiyo maana waliokuwa katikati ya vipimo hivyo viwili walichorewa X ya kijani, yenye fidia, na wengine X nyekundu, isiyo na fidia. Ukichorewa, angalia rangi, kisha pima mwenyewe kwa futi kamba mbele ya mashahidi. Kwa mito, maziwa na bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60.

La nne ni kusimamishwa. Umejenga banda la kuku au umechimba kisima bila kibali ndani ya eneo la mipango miji, ukaandikiwa "SIMAMISHA UJENZI" ukutani. Hilo ni suala la kibali. Lijibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa, na usikubali ligeuzwe kuwa sababu ya kukunyang'anya ardhi.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mtendaji, na ulirudie hadi lijibiwe, ni hili: mnafanya hili kwa sheria ipi?

Karatasi za shamba

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua faili moja gumu, uweke humo kila kinachoonyesha kwamba shamba ni lako na jinsi lilivyokufikia: hati ya hakimiliki ya kimila kama kijiji chenu kina mpango wa matumizi ya ardhi, hati ya mauziano yenye majina ya mashahidi, muhtasari wa halmashauri ya kijiji uliokugawia eneo, hata risiti za michango ya kijiji. Kama huna chochote, andika maelezo ya historia ya shamba, yasainiwe na majirani wa pande zote nne na mwenyekiti wa kitongoji. Majirani wazee ni ushahidi unaopungua kila mwaka, kwa hiyo usingoje.

Akija mtu kukwambia "huna hati, huna haki", mjibu kwa utulivu kwamba Mahakama ya Rufani ilishalizungumzia jambo hilo. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, iliyohusu shamba la baba na mwanawe mkoani Arusha, Mahakama iliamua kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Ikaongeza kwamba aliyeitolea jasho ardhi anastahili fidia ya haki, hata kama hakuacha juu yake jengo wala mti.

Kuna mambo mengine mawili ambayo huziumiza familia kuliko ukosefu wa hati. Moja ni shamba kuendelea kuwa kwa jina la marehemu. Siku ya malipo hundi haitoki kwa marehemu. Kaeni kikao cha ukoo sasa, mwende Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. La pili ni kaka mkubwa kuandikwa peke yake kwenye daftari la wafidiwa huku mama na dada ndio wanaolima. Sheria ya Ardhi ya Vijiji haitambui mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi. Mwanamke anayelima ahakikishe jina lake liko kwenye maelezo ya shamba, na kwenye orodha ya wafidiwa pia.

Kisha fanya sensa ya shamba. Hesabu kila mti kwa aina na hali yake: mche, unaoanza kuzaa, unaozaa, uliozeeka. Andika minazi, miembe, mikorosho, migomba kwa mashina, michungwa, mianzi ya uzio. Orodhesha kisima, choo, banda, tuta la umwagiliaji na makaburi. Piga picha zinazoonyesha tarehe, na uchukue alama za GPS za kona zote kwa simu. Chapisha, maana simu hupotea.

Mkutanoni

Kama mko kwenye kijiji kilichosajiliwa, mna nguvu ambayo wakazi wa mtaa hawana. Ardhi ya kijiji haiwi ya mji kwa barua ya mkurugenzi. Rais ndiye anayeweza kuihamisha kwenda ardhi ya jumla, na kuna hatua za kufuata: tangazo kwenye Gazeti la Serikali, taarifa kwa halmashauri ya kijiji, nafasi ya wenye mashamba kutoa maoni yao. Kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi unakwenda kwa Waziri baada ya maoni ya kijiji. Na sheria inasema ardhi isihamishwe kabla ya kukubaliana aina ya fidia, kiasi chake, namna na muda wa kuilipa.

Ndiyo maana muhtasari wa mkutano una thamani, na ndiyo maana huchezewa. Hatari moja ni karatasi ya mahudhurio: umeitwa kwenye mkutano wa "kupewa taarifa", umesaini ili kuonyesha ulikuwepo au kupokea posho ya nauli, kisha karatasi hiyo ikabanwa nyuma ya muhtasari unaosema wote walikubali. Usisaini karatasi isiyo na kichwa cha habari. Kama haina, andika wewe mwenyewe juu ya majina: "Mahudhurio tu, mkutano wa tarehe fulani, hakuna uamuzi uliofikiwa."

Mkiwa mkutanoni, kubalianeni mapema watu watatu wenye kazi tofauti. Mmoja aulize maswali. Mwingine aandike nani amesema nini, na saa ngapi. Wa tatu asimame mwishoni kuomba muhtasari usomwe kabla ya kufungwa kwa kikao. Ni vigumu kwa mtendaji kuandika "wananchi waliridhia" wakati mia wamesikia kitu kingine kikisomwa. Baada ya siku chache, ombeni nakala.

Walio kwenye mtaa wa manispaa hawana mkutano mkuu wa kijiji, lakini hawako mikono mitupu. Mamlaka ya upangaji inatakiwa iwaite wenye ardhi na wadau wa eneo kabla ya kuomba litangazwe kuwa la mipango miji. Hapo ndipo pa kudai kwamba mchoro uache sehemu ya kilimo cha mjini, bonde la mboga lisiwe viwanja, barabara ifuate mpaka wa shamba badala ya kulipasua katikati. Mchoro ukishaidhinishwa, kuubadilisha ni safari nyingine ndefu.

Barua

Mazungumzo ya mlangoni kwa afisa ardhi hayana kumbukumbu. Barua inayo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka ya umma, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Si lazima uwe na wakili kuandika hii:

*Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya (jina). Ili imfikie Afisa Ardhi.*

*YAH: OMBI LA TAARIFA KUHUSU SHAMBA LANGU LILILOPO KITONGOJI CHA (JINA)*

*Mimi ni mmiliki wa shamba tajwa, lenye ukubwa wa ekari (idadi), ambalo lilipimwa na watumishi wako tarehe (siku). Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, naomba nakala za: (1) uamuzi au tangazo linaloagiza eneo hili litwaliwe au lipangwe, (2) mchoro wa mipango miji unaohusu shamba langu, (3) mihtasari ya mikutano ya wananchi iliyojadili jambo hili, (4) jina la mthamini na tarehe ya uthamini, (5) chanzo cha fedha za fidia na tarehe ya malipo. Hadi nitakapopata taarifa hizo sijatoa ridhaa yoyote, na naomba kazi shambani kwangu isiendelee.*

Peleka nakala tatu. Moja ibaki ofisini. Ya pili igongwe mhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe, urudi nayo. Ya tatu iende kwa mkuu wa wilaya au Kamishna wa Ardhi Msaidizi wa mkoa, na hilo lionekane chini ya barua. Masjala wakikataa kugonga mhuri, tuma kwa rejista ya posta na utunze risiti. Diwani mpe nakala pia. Hana mamlaka ya kulizuia tingatinga, lakini ana kiti kwenye baraza la madiwani ambako bajeti ya mradi inapita.

Siku ya mthamini

Uwe shambani mwenyewe. Mthamini atakuja na mwenyekiti, atahesabu, atakupiga picha ukiwa na kibao chenye namba, kisha atakupa fomu usaini. Toa sensa yako ya miti na mlinganishe. Penye tofauti, andika kwenye fomu hiyohiyo "sikubaliani na idadi ya minazi, niliyohesabu ni 34" kabla ya kusaini. Usisaini fomu yenye nafasi wazi, wala fomu ambayo huachiwi nakala au picha yake.

Fidia haiishii kwenye miti. Tangu sheria za 1999, ardhi yenyewe ina thamani, na kanuni za fidia za mwaka 2001 zimetaja vya kulipwa: thamani ya soko ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, ambayo ni gharama ya kubeba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko ya nyumba kwa miezi 36, na hasara ya faida, ambayo ni faida halisi ya mwezi mara 36. Usafiri, makazi na faida havilipwi kwa ardhi isiyokaliwa, kwa hiyo kijumba cha mlinzi kinachokaliwa na mtu kioneshwe na kiandikwe.

Chukua mfano wa kubuni. Shamba na nyumba vimethaminiwa shilingi milioni 20. Nyumba ingepangishwa kwa 50,000 kwa mwezi: mara 36 ni 1,800,000. Posho ya usumbufu hupatikana kwa kuzidisha thamani ya soko na wastani wa riba ya amana za muda maalumu kwenye benki za biashara; tukichukua asilimia 8, ni 1,600,000. Kabla hata ya usafiri umefika 23,400,000. Ukioneshwa milioni 20 peke yake, unajua pa kuuliza.

Faida ndiyo huwaponyoka wakulima wengi, maana kanuni inadai hesabu zilizokaguliwa. Mwenye banda la kuku au kitalu cha miche anayeandika mauzo kwenye daftari ana pa kuanzia. Asiyeandika hana. Mazao ya msimu kwa kawaida huachiwa uyavune, hivyo dai tarehe ya kuondoka iliyo baada ya mavuno. Makaburi yana Sheria yake ya Uhamishaji ya mwaka 1969: gharama za kuhamisha, kuzika upya na ibada zinazohitajika zinabebwa na Serikali, si na familia.

Fidia ikichelewa

Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini. Ikipita hapo, riba inaanza kuhesabika. Ikipita miaka 2, uthamini umekufa na unatakiwa ufanywe upya kwa bei za wakati huo. Kwa hiyo tarehe ya kuidhinishwa ndiyo tarehe unayoihitaji kuliko zote. Iulize kwa barua.

Kucheleweshwa kuna madhara yake hata bila kunyang'anywa. Kigamboni ilipotangazwa mwaka 2008 kuwa eneo la mji mpya, wakazi walikaa miaka wakiwa wamezuiwa kuendeleza maeneo yao huku mradi wenyewe ukisuasua. Usikubali "msiguse kitu" ya mdomo. Dai zuio liandikwe, liseme linazuia nini na linaisha lini. Mimea ya kudumu utakayopanda baada ya uthamini haitahesabiwa, lakini mchicha, mahindi na maharage endelea kupanda. Shamba linalolimwa lina mwenyewe machoni pa kila mtu, pamoja na hakimu.

Mkiambiwa mgawane viwanja

Mpango huu unaweza kuwa mzuri kuliko fidia, kwa sababu kiwanja kilichopimwa kina bei na kinaweza kupata hati. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi unaendeshwa kwa maneno matupu. Kabla hujakubali bikoni moja izikwe, pata mkataba uliosainiwa na mkurugenzi, uliopitiwa na mwanasheria wa halmashauri, unaosema viwanja vyako ni vingapi na ni namba zipi kwenye mchoro. Angalia kama umepewa vya mbele ya barabara au vya kwenye korongo. Andikeni nani analipia upimaji, nani analipia hati, na itakuwaje mchoro ukikataliwa au kampuni ya upimaji ikitoweka na michango. Kumbuka pia kwamba ukishapata hati, kodi ya ardhi inakuja kila mwaka. Kama unataka kuendelea kulima, omba sehemu yako iandikwe matumizi ya kilimo tangu mwanzo.

Ikifika mahakamani

Wengi hukimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shauri linatupwa kwa kukosa mamlaka. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, anayeishtaki mamlaka ya serikali za mitaa anatakiwa atoe notisi ya siku 90, amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na afungue shauri Mahakama Kuu. Baraza la Kata nalo tangu 2021 linasuluhisha tu, haliamui.

Siku 90 ni nyingi kwa tingatinga. Wakati zinahesabika, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu zuio la muda, lile wanasheria huliita Mareva. Kama unachopinga ni uamuzi wenyewe, mfano kutangaza eneo bila kufuata utaratibu, njia ni mapitio ya mahakama, na kibali chake huombwa ndani ya miezi 6. Madai ya fidia kwa kitendo kilichofanywa kwa mujibu wa sheria yanaweza kufungwa ndani ya mwaka 1 tu. Yule anayekwambia "subiri tutalimaliza kiofisi" huenda ana nia njema, lakini saa ya mahakama haimsubiri.

Wakili ni ghali, hivyo nendeni kama kundi. Wenye mashamba 30 kwenye mradi mmoja wakichanga, gharama inabebeka, na halmashauri haitaweza kuwalipa wawili kimyakimya ili kuwavunja wengine. Msaada wa bure upo: wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, HAKIARDHI, chama cha wanasheria wanawake TAWLA, na kampeni ya Mama Samia iliyoanza mwaka 2023. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inapokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila ada. Mkiombwa chochote ili jina liingie kwenye orodha, hiyo ni kazi ya TAKUKURU.

Wakati wa kukubali

Si kila mradi ni dhuluma. Kijiji kinahitaji zahanati, na zahanati haijengwi hewani. Ushindi wa mkulima mdogo mara nyingi ni kubakiza ekari moja kati ya mbili, au kulipwa thamani yote na posho zote kwa wakati, au barabara kuhamishwa mita kumi na mbili kukwepa kisima. Amueni mapema, nyumbani, ni kipi hamtakiachia na ni kipi mtakiuza kwa bei ya haki, ili siku ya mazungumzo msivutane mbele ya afisa ardhi.

Fedha zikiingia, ziwe kwenye akaunti yenye saini mbili, na cha kwanza kinunuliwe ardhi nyingine. Ila kabla hujalipa, nenda ofisi ya ardhi ya wilaya hiyo uulize kama eneo unalotaka kununua limo kwenye mpango wowote, na ujibiwe kwa maandishi.